Kuingia Antwerp kwa Mlango wa Mbele

Treni ya kutoka Brussels kwenda Antwerp huchukua kama dakika 45, na sehemu kubwa ya safari hiyo haina la kumtoa msafiri kwenye simu yake. Mashamba tambarare, mabohari, migongo ya nyumba za matofali, mnara wa kanisa la Mechelen ambao waashi wa zamani hawakuwahi kuumaliza. Mambo hubadilika baada ya kituo cha Berchem. Reli inapita juu ya madaraja ya mawe yenye vinara kulia na kushoto, treni inapunguza mwendo, kisha inaingia chini ya paa la chuma na kioo lenye urefu wa mita 185 na kimo cha mita 44. Abiria wanateremka. Wale wa kila siku wanakimbilia ngazi bila kuinua macho. Mgeni anasimama katikati ya njia na kuwazuia.

Ana haki ya kusimama. Mbele ya paa hilo kuna ukumbi wa mawe na marumaru, ngazi pana za kifalme, saa kubwa yenye nakshi za dhahabu, na juu ya vyote hivyo kuba la mita 75. Msanifu wake, Louis Delacenserie wa Bruges, alichanganya mitindo ya karne kadhaa katika jengo moja bila kumwomba mtu radhi. Wenyeji huliita kanisa kuu la reli. Lilijengwa kati ya mwaka 1895 na 1905, wakati Ubelgiji ilikuwa nchi ndogo yenye fedha nyingi na hamu kubwa ya kutazamwa, na mtu anayeingia mjini kwa mlango huu hutazama kile hasa ambacho wenyewe walitaka akitazame.

Hapo ndipo kiwanja cha ndege kinaposhindwa. Viwanja vya ndege vya Ulaya vimejengwa mbali, kwenye mashamba, na vinafanana: zulia lilelile, manukato yaleyale, foleni ileile. Msafiri hutoka humo bila kujua lolote kuhusu mji aliofika, kisha hulipia basi au treni ya kumpeleka kule alikodhani amekwisha kufika. Stesheni za karne ya 19 zilijengwa na watu waliotaka abiria atoke mlangoni na kuukuta mji umemsubiri.

Msomaji wa Nairobi au Mombasa analijua jambo hili kwa mfuko wake. Reli mpya ya Kenya iliyofunguliwa mwaka 2017 humshusha abiria Syokimau upande mmoja na Miritini upande wa pili, na pote pawili safari huanza upya: matatu, teksi, au treni nyingine ya kumalizia. Dar es Salaam imebahatika zaidi. Stesheni ya treni ya umeme iliyoanza kazi mwaka 2024 iko jirani na ile ya zamani, na anayeteremka pale anaweza kwenda kwa miguu mpaka Kariakoo au Feri, jua likimruhusu.

Antwerp nayo ilikaribia kuupoteza mlango wake. Ubelgiji ndiyo iliyotangulia Ulaya bara kwa reli ya treni za mvuke za abiria, kati ya Brussels na Mechelen mwezi Mei 1835, na mwaka mmoja baadaye reli ikafika Antwerp, kwenye stesheni ya mbao. Lakini kufikia miaka ya 1970 jengo la Delacenserie lilikuwa limechakaa vibaya, mawe yakimomonyoka, na wapo waliotaka libomolewe. Mwaka 1975 likawekwa chini ya ulinzi wa sheria ya urithi. Tatizo la pili lilikuwa la reli yenyewe: njia ziliishia pale. Treni iliyoingia pale ikitaka kuendelea Amsterdam ililazimika kusimama na kurudi kinyumenyume ilikotoka. Hesabu ya mhasibu ingesema treni za kasi zisimame Berchem, pembeni, na mambo yaishe. Wabelgiji wakachagua kazi ngumu. Kuanzia mwaka 1998 walichimba chini ya stesheni na chini ya mji, na mwaka 2007 handaki la karibu kilomita 4 likafunguliwa. Leo kuna njia 14 katika ngazi tatu, na katikati pameachwa uwazi mkubwa kiasi kwamba hata aliye chini kabisa, kwenye treni ya Amsterdam, akiinua kichwa analiona paa la zamani. Ni uamuzi wa gharama, na ni mmoja wa maamuzi bora ya miji ya Ulaya katika nusu karne iliyopita.

Kwa hiyo mwenye kuchagua na achague treni inayoishia ngazi ya juu. Ya chini humfikisha vilevile, ila humnyima vinara.

Neno moja kuhusu pasipoti. Mtanzania au Mkenya aliyehangaika miezi kadhaa na barua za benki, bima na miadi ya ubalozini hushangaa treni ya kutoka Amsterdam inapovuka mpaka wa Uholanzi na Ubelgiji bila hata kibao cha kuonekana dirishani. Ndio ukarimu wa eneo la Schengen kwa mtu aliyekwisha kuingia. Hata hivyo polisi huweza kupita kwenye mabehewa na kukagua, na si siri kwamba macho yao huwahi kutua kwa abiria wa rangi fulani. Pasipoti isiachwe hotelini.

Kutoka stesheni hadi mto Schelde ni kama kilomita 2, mwendo wa nusu saa kwa mtu asiyesimama. Hakuna atakayeumaliza kwa nusu saa.

Anayetokea upande wa uwanja wa Koningin Astridplein hukutana mara moja na lango la bustani ya wanyama, iliyofunguliwa mwaka 1843 na kuhesabiwa miongoni mwa kongwe duniani. Ina jengo la mwaka 1856 lililopambwa kwa mtindo wa hekalu la Misri. Lakini mkazi wake anayestahili heshima zaidi ni okapi. Mnyama huyu wa msitu wa Ituri, mwenye miguu ya milia na ulimi mrefu wa twiga, hakuandikwa katika vitabu vya sayansi ya Ulaya hadi mwaka 1901, na wa kwanza kufikishwa Ulaya akiwa hai aliletwa hapa mwaka 1919. Hakuishi hata miezi miwili. Wataalamu wa Antwerp ndio wanaotunza mpaka sasa daftari la kimataifa la nasaba za okapi wanaofugwa, na watu wa Epulu, huko kwao okapi, wanazungumza Kiswahili.

Upande wa pili wa stesheni, kwenye barabara ya Pelikaanstraat, madirisha yamejaa pete. Hiyo ni biashara ya wapita njia. Almasi za kweli ziko hatua chache zaidi ndani, katika vichochoro vya Hoveniersstraat na Schupstraat ambavyo havipiti gari la mtu baki na vina kamera kila kona. Sehemu kubwa ya almasi ghafi za dunia imepita katika mitaa hii midogo isiyo na uzuri wowote. Wayahudi wa madhehebu ya kihafidhina, kwa makoti meusi na baiskeli zao, ndio waliokuwa sura ya biashara hiyo kwa miongo mingi. Siku hizi sehemu kubwa imeshikwa na familia za Wahindi wa Kijain, wengi asili yao ni mji wa Palanpur, Gujarat. Mtu aliyekulia Zanzibar au Mombasa atasikia Kigujarati kikizungumzwa mlangoni mwa ofisi na kujiona hayuko ugenini sana.

Tanzania ina uhusiano wa karibu zaidi na vichochoro hivi. Mwezi Septemba 2017, serikali ilipozuia katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam shehena ya almasi za mgodi wa Mwadui, zaidi ya karati 71,000, ikidai thamani yake imepunguzwa kwenye karatasi, mzigo huo ulikuwa safarini kuja hapa. Anayetaka kujua jiwe la Shinyanga linakwenda wapi likishatoka Shinyanga, jibu mojawapo lipo kati ya duka la sandwichi na benki, nyuma ya mlango wa chuma usio na jina. Na mlango wa chuma nao hautoshi: Februari 2003 wezi waliingia katika chumba cha hazina cha jengo moja la mtaa huu na kuondoka na vito vyenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100.

Barabara ya De Keyserlei, inayotoka stesheni kuelekea katikati ya mji, ina miti, mikahawa na meza za nje. Desemba 16, 1944, mji ukiwa umekwisha kukombolewa, kombora la V-2 la Wajerumani liliangukia sinema ya Rex katika barabara hii, mchana, ukumbi ukiwa umejaa raia na askari. Watu 567 walikufa. Makombora ya aina hiyo yaliendelea kuilenga Antwerp kwa sababu ya bandari yake, na mitikisiko yake ndiyo iliyopinda vyuma vya paa la stesheni.

Baada ya hapo inakuja Meir, mtaa wa maduka. Upitwe haraka. Una nguo zilezile za Frankfurt na Madrid, na mtu hakusafiri kilomita 6,000 kuja kutazama soksi. Pembeni mwake ipo nyumba ya mchoraji Peter Paul Rubens, ambayo imefungwa kwa ukarabati wa miaka mingi, ingawa bustani yake na jengo jipya la kupokelea wageni vilifunguliwa mwaka 2024. Wenye kiu ya Rubens wapate subira ya dakika kumi zaidi: picha zake kubwa za Kristo kuinuliwa msalabani na kuteremshwa ziko katika kanisa kuu la Bikira Maria, lililoanza kujengwa mwaka 1352 na ambalo mnara wake wa mita 123 humwongoza mgeni bila ramani. Ulikusudiwa kuwa na mwenzake. Fedha ziliisha, mwenzake akabaki kisiki, na kanisa limesimama hivyo, bega moja juu, kwa miaka 500.

Kama kuna nyumba moja ya kuingia Antwerp, basi ni ile ya uwanja wa Vrijdagmarkt. Christophe Plantin, Mfaransa mtengeneza majalada ya vitabu, alianzisha kiwanda cha uchapaji mjini Antwerp mwaka 1555. Mkwe wake Jan Moretus akakirithi, na ukoo wao ukakishika kwa zaidi ya karne tatu, hadi walipouuzia mji kila kitu kwa pamoja: mashine, karatasi, kasha za herufi za risasi, daftari za hesabu, hata viti. Mashine mbili za kuchapa zilizomo ndizo kongwe kuliko zote zilizobaki duniani. Mwaka 2005 nyumba hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, makumbusho pamoja na kumbukumbu zake. Sakafu inalia kila hatua. Mwanga ni hafifu kwa ajili ya karatasi, na wino bado unanuka, au labda ni fikra za mgeni tu.

Kilichomtajirisha Plantin kilianzia mbali. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 na kupewa rubani wa kumvusha hadi India, mlolongo wa faida ulioanzia pale uliishia kwa sehemu kubwa hapa Antwerp: kuanzia mwaka 1501 Wareno walileta pilipili manga na mdalasini kwenye bandari hii, kwa kuwa Lisbon ilikuwa na meli lakini haikuwa na wanunuzi wa Ulaya ya Kaskazini. Mji ukanenepa. Mwaka 1570 Abraham Ortelius, mwenyeji wa hapa, akatoa kitabu ambacho wengi hukiita atlasi ya kwanza ya kisasa, na Plantin akaja kuchapa matoleo yake ya baadaye. Ramani yake ya Afrika imejaa milima ya kubuni na maziwa yaliyowekwa kwa kubahatisha, ila pwani ya mashariki inasomeka: Malindi, Mombasa, Kilwa. Antwerp ilikuwa na majina hayo kwenye karatasi karne tatu kabla ya kutia mguu ndani ya Congo.

Kisha ikaporomoka. Mwaka 1576 askari wa Hispania waliokuwa wakidai mishahara waliuteketeza mji na kuua maelfu. Mwaka 1585 ulisalimu amri kwa Hispania, Waprotestanti wakahamia Amsterdam na mitaji yao, na Waholanzi wakaufunga mto Schelde kwa biashara ya baharini. Ulifunguliwa tena mwishoni mwa karne ya 18, na Napoleon akachimbisha mabwawa ya kutia nanga meli upande wa kaskazini. Karne mbili nzima Antwerp ilikuwa mji wenye makanisa mazuri na mashua chache. Ndiyo maana mitaa ya kati ni ya kale kiasi kile: hapakuwa na fedha za kuibomoa.

Uwanja wa Grote Markt unampokea mgeni kwa nyumba ndefu nyembamba za vyama vya mafundi, halmashauri ya mji yenye bendera nyingi kupita kiasi, na katikati sanamu ya shaba ya mwaka 1887, kazi ya Jef Lambeaux. Kijana yuko mbioni, mkono umekwenda nyuma, yuko tayari kurusha kitu. Kitu hicho ni kiganja kilichokatwa. Hadithi ya wenyeji inasema jitu moja lililokaa kando ya mto liliwatoza ushuru mabaharia na kuwakata mkono waliokataa, hadi askari wa Kirumi aitwaye Brabo alipolikata lenyewe na kuutupa mkono wake mtoni. Maji hutoka kwenye kifundo cha jitu na kumwagikia mawe, kwa kuwa chemchemi hiyo haina beseni. Maduka ya jirani yanauza biskuti na chokoleti zenye umbo la mkono.

Mcongo anayeziona biskuti hizo kwa mara ya kwanza huona kitu kingine kabisa, na hakosei kuona hivyo. Katika Dola Huru ya Congo, mali ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, kuanzia mwaka 1885 hadi 1908, askari walitakiwa kuthibitisha kuwa hawakupoteza risasi bure kwa kuleta mikono ya waliouawa, na mikono ilikatwa hata ya walio hai. Picha alizopiga mmisionari Alice Seeley Harris zilizunguka dunia. Lazima pia isemwe, kwa haki, kwamba hadithi ya jitu ni ya kale kuliko Leopold kwa karne nyingi, na biskuti zilibuniwa mwaka 1934 na mwokaji Myahudi kutoka Amsterdam, Jos Hakker, kwa ajili ya mashindano ya mapishi. Wanaodai kwamba zilitokana na Congo wanarahisisha mambo. Lakini mji uliopokea mpira wa Congo kwa tani, kwenye gati zilizo hatua mia chache kutoka kwa sanamu hiyo, ungeweza kuweka kibao kinachosema habari zote mbili. Kutokuwa na hatia kwa biskuti hakuufanyi mji usiwe na deni la maelezo.

Kutoka hapo mto ni dakika tatu. Schelde ni mpana, wa rangi ya udongo, na una maji kujaa na kupwa kama Pangani. Ngome ndogo ya Het Steen imesimama ukingoni. Hapa ndipo mgeni kutoka Afrika Mashariki anapogundua kuwa tangu stesheni amekuwa akitembea njia ya pembe za ndovu kwa kinyume, kutoka kwenye marumaru kwenda kwenye gati.

Kabla ya miaka ya 1890, pembe za mashariki ya Congo zilielekea jua linakochomoza. Wapagazi walizitoa Nyangwe na Kasongo, wakavuka Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, wakapita Tabora, wakateremka Bagamoyo, na jahazi zikazipeleka Unguja. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, alijengea utajiri wake kwenye njia hiyo, pembe na watumwa kwa pamoja. Mwaka 1887 Leopold, kwa kupitia mpelelezi Henry Morton Stanley, alimfanya gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kumwondoa. Alipoipata, mapatano yakaisha. Kati ya 1892 na 1894 majeshi ya Leopold chini ya Francis Dhanis yalivunja utawala wa Waarabu na Waswahili wa Maniema, na Sefu, mwana wa Tippu Tip, akafa katika vita hivyo.

Pembe zikageuza uso. Sasa zilikwenda magharibi kwa mashua za mto Congo, kisha kwa mabega ya wapagazi kandokando ya maporomoko, na kuanzia mwaka 1898 kwa reli ya Matadi, ambayo rekodi rasmi zenyewe zilikiri vifo vya wafanyakazi 1,800 wasio Wazungu. Kutoka Matadi zilipanda meli hadi Antwerp, iliyogeuka katika miaka michache kuwa mojawapo ya masoko makubwa kabisa ya pembe duniani, ikishindana na London. Reli ile ya Matadi na stesheni hii ya Antwerp zilikuwa zikijengwa kwa wakati mmoja. Tippu Tip alifariki Unguja mwezi Juni 1905. Stesheni ilifunguliwa Agosti ya mwaka huohuo. Jambo moja halikugeuka pamoja na pembe, nalo ni lugha: Kasongo, Kindu na Kisangani zinazungumza Kiswahili hadi leo.

Siri ya biashara hiyo ilivuja hapahapa gatini. Mwishoni mwa miaka ya 1890 kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool ilikuwa ikimtuma Antwerp karani wake kijana, Edmund Morel, kwa kuwa alijua Kifaransa. Alitazama meli za Congo zikishusha mpira na pembe za thamani kubwa, akalinganisha na kilichopakiwa kurudi: bunduki na risasi kwa wingi, bidhaa za kubadilishana karibu hakuna. Karani hahitaji kufika Congo kuelewa hesabu kama hiyo. Ikiwa hakuna malipo yanayokwenda, watu wa kule wanafanya kazi kwa kulazimishwa. Aliacha kazi mwaka 1901, na mwaka 1904 akaanzisha na Roger Casement, konseli wa Uingereza, chama cha kudai mageuzi Congo, moja ya harakati kubwa za haki za binadamu za wakati wake. Kilichomfikisha huko kilikuwa ni kusimama kando ya meli na kuangalia kinachopanda na kinachoshuka, kazi ambayo mtembea kwa miguu yeyote angeiweza.

Mji uliitumia Congo pia kwa burudani. Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1894 yalijengewa kijiji cha Wacongo katika kitongoji cha Zuid, na zaidi ya watu 140 waliletwa kwa meli ili watazamwe. Baadhi yao hawakurudi, walifia Antwerp.

Mgeni anayefuata mto kuelekea kaskazini kwa dakika kumi na tano hufika kwenye mabwawa ya Napoleon, na juu yake makumbusho ya MAS, jengo la mawe mekundu kutoka India lililofunguliwa mwaka 2011. Ngazi za umeme humpandisha ghorofa kwa ghorofa hadi kwenye paa bila kulipa hata senti, na kutoka huko bandari yote inaonekana, moja ya zilizo kubwa zaidi Ulaya. Kuta za nje zimebandikwa mikono midogo ya alumini zaidi ya 3,000. Mji huu hauchoki na mikono. Lakini ndani, mwaka 2020, makumbusho hayo yalifungua maonyesho kuhusu miaka 100 ya sanaa za Congo zilizomo Antwerp, yakihoji waziwazi kila kitu kilipatikanaje na kutoka kwa nani. Mwaka huohuo, mwezi Juni, sanamu ya Leopold II iliyokuwa kitongojini Ekeren iliondolewa baada ya waandamanaji kuitia moto na rangi. Kuondoa sanamu ni kazi ya asubuhi moja na winchi. Kazi ya makumbusho, ya kuandika kwenye kibao jina la kijiji ambako kinyago kilichukuliwa, ni ya miaka, na ndiyo yenye manufaa zaidi.

Mwenye nguvu za miguu bado arudi kusini hadi Nationalestraat, kwenye Taasisi ya Tiba za Nchi za Joto. Mwaka 1976 ilifika hapo chupa ya chai, thermos ya kawaida, iliyosafirishwa kwa ndege ya abiria kutoka Kinshasa. Ndani yake mlikuwa na barafu inayoyeyuka na sampuli za damu ya mtawa wa Kibelgiji aliyekuwa akiumwa huko Zaire. Kichupa kimoja kilikuwa kimepasuka. Kijana Peter Piot na wenzake waliifungua kwa tahadhari ambayo leo ingewatia wazimu wakaguzi wa maabara, na wakawa miongoni mwa watu wa kwanza kuona kwenye darubini kirusi cha Ebola. Nje ya jengo hakuna umati wa watalii. Wamejaa upande wa pili wa barabara hiyohiyo, kwenye maduka ya wabunifu wa mavazi walioipatia Antwerp jina katika miaka ya 1980.

Chini ya mto kuna handaki la waendao kwa miguu, Sint-Anna, la mwaka 1933: mita 572, kina cha mita 31, na ngazi za umeme za mbao ambazo ni zilezile za siku ya kwanza, zikigongagonga kwa sauti ya cherehani. Ni bure. Upande wa pili hakuna kitu maalumu isipokuwa nafasi ya kuutazama mji wote kwa mara moja, na wauza chipsi.

Aliye na nusu siku tu na aache Meir, aache pete za Pelikaanstraat, na saa zake azigawe kati ya Plantin na paa la MAS, akipitia kwenye kanisa kuu. Akiwa na watoto, okapi kwanza. Viatu viwe vya kazi, kwa kuwa mawe ya mitaa ya kati hayana huruma na kisigino. Na asifike Jumatatu, siku ambayo makumbusho mengi ya mji hufungwa. Bustani ya wanyama haijui mapumziko.